Serengeti na Mipaka Yake

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya hifadhi za taifa, thamani yake na namna ya kuzilinda. Nimekubali kwa furaha, ila nimeomba ruhusa ya kuubana mjadala. Nchi yetu sasa ina hifadhi za taifa zaidi ya 20, na kuzieleza zote katika kurasa hizi chache ni sawa na kuhamisha maji ya ziwa kwa kibaba. Nitazungumza juu ya Serengeti peke yake, na hata huko nitashika jambo moja, nalo ni mpaka. Kazi yangu serikalini ni mipango ya matumizi ya ardhi. Kwa miaka mingi nimeketi mbele ya ramani na kalamu, na nimejifunza kuitilia shaka mistari iliyonyooka.

Ninyi vijana mliomo madarasani hivi leo mnafundishwa kwamba hifadhi ni eneo lililotengwa kisheria ili viumbe vilivyomo visiguswe. Tafsiri hiyo ni sahihi, nami niliiandika kwenye mtihani nikapata alama zangu. Lakini mtu akiisoma historia ya Serengeti kwa makini ataona kwamba karibu kila jambo lililowahi kuiumiza, na karibu kila jambo lililowahi kuiponya, lilitoka upande wa pili wa mpaka.

Mwaka 1892 msafiri mmoja Mwaustria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro kisha akakata nyika kuelekea Ziwa Nyanza. Aliyoyaandika juu ya Wamasai aliowakuta njiani yanasikitisha mno: watu waliokondeana hadi mifupa, watoto na akina mama wakiokota hata ngozi na mifupa ili wapate chochote cha kutia tumboni. Ng'ombe wao walikuwa wamekwisha. Sotoka, ugonjwa ambao haukuwa umepata kuonekana katika nchi hizi, uliingia Afrika kwa upande wa Bahari ya Shamu mwishoni mwa miaka ya 1880, ukateremka kusini kwa kasi ya moto wa kiangazi. Katika sehemu nyingi ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Nyuma yake ikafuata ndui, ikawaua wachungaji waliokwisha dhoofishwa na njaa.

Sotoka haikuchagua mnyama wa mtu na mnyama wa porini. Nyati na nyumbu walikufa pamoja na ng'ombe, na twiga nao hawakusalimika. Yafaa jambo hili likumbukwe, maana tutalirudia.

Nilipokuwa Chuo Kikuu pale Mlimani nilisoma kitabu cha Helge Kjekshus kilichotolewa mwaka 1977, kinachoeleza jinsi watu wa nchi hii walivyokuwa wakiyatawala mazingira yao kabla ya misiba hiyo. Walilima, walichoma majani kwa wakati wake, walilisha mifugo, na kwa kufanya hivyo walizuia vichaka na mbung'o visiwakaribie. Watu na ng'ombe walipopungua, vichaka vilirudi, na mbung'o wakarudi navyo. Basi Wazungu waliokuja baadaye wakakuta nchi pana isiyo na watu wengi, wakadhani ndivyo Mungu alivyoiumba. Wengi wa waliotunga sheria za wanyama hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba walikuwa wakitazama makaburi.

Upande wa magharibi nako hakukuwa tupu. Waikoma, Wanata, Waisenye na Waikizu walilima na kuwinda katika nchi ambayo sehemu yake leo imo ndani ya hifadhi. Wazee wao wameendelea kutaja kwa majina vilima na maji ambayo wajukuu wao hawaruhusiwi kuyakanyaga bila kibali. Jina lenyewe la Serengeti latokana na neno la Kimasai, siringet, yaani nchi isiyo na kikomo. Nchi isiyo na kikomo ndiyo iliyokuja kuchorewa mpaka, tena zaidi ya mara moja.

Wajerumani ndio walioanza. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji na kutenga maeneo mawili, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Amri hiyo haikumzuia mlowezi Adolf Siedentopf kuanzisha shamba ndani kabisa ya bonde la Ngorongoro kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na magofu ya nyumba yake yapo mpaka leo. Waingereza walipochukua nchi wakaongeza sheria zao. Wawindaji wa kitalii walikuwa wakiwapiga simba wa Serengeti kwa wingi wa kuogofya, hata ikabidi mwaka 1929 kutenga sehemu ya pori la akiba. Kisha mwaka 1951 ikapatikana Hifadhi ya Taifa kamili. Wakati huo Ngorongoro ilikuwa ndani yake, na makao makuu yalikuwa huko juu, ukingoni mwa bonde.

Wamasai nao walikuwa ndani, kwa ruhusa ya sheria. Ugomvi haukuchelewa. Watawala wa hifadhi walitaka watu wapungue, wachungaji walitaka maji na malisho yao ya siku zote, na serikali ya kikoloni ilikuwa kati ikigeuka huku na huku. Mwaka 1956 serikali ilitoa pendekezo la kuivunja hifadhi vipande vipande. Makelele yakapigwa Ulaya na Marekani. Akaletwa mtaalamu, Profesa Pearsall, kisha mwaka 1957 ikaundwa kamati chini ya Barclay Nihill. Mwisho wa yote, mwaka 1958, wazee kumi na wawili wa Kimasai waliweka sahihi hati ya kukubali kuondoka Serengeti ya magharibi. Mwaka 1959 nchi ikagawanywa: Serengeti ikawa hifadhi isiyo na wakazi, ikaongezewa eneo la kaskazini hadi mpaka wa Kenya, Ngorongoro ikawa eneo la pekee ambamo wanyama na wachungaji wataishi pamoja chini ya sheria yake yenyewe.

Hapo ndipo wanapoingia Wajerumani wengine wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Mwaka 1958 walifika na ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, wakaanza kuwahesabu wanyama kutoka angani na kufuatilia nyumbu wanakokwenda msimu hata msimu. Waligundua jambo ambalo mchungaji yeyote angewaambia bila malipo, kwamba nyumbu hawaujui mpaka. Uwanda wa majani mafupi wanakokwenda wakati wa mvua ulikuwa ukikatwa na mstari mpya na kuachwa nje. Grzimek alilisema hilo waziwazi, lakini mstari ulichorwa vilevile. Michael hakuuona mwisho wake. Mwezi Januari 1959 ndege yao iligongana na tumbusi, ikaanguka, akafa. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakalazwa hapo hapo. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar, na kwa watu wengi wa Ulaya ndiyo iliyokuwa picha yao ya kwanza ya nchi yetu. Nina heshima kwa kazi yao. Lakini picha hiyo iliwaonyesha watu wa Serengeti kama wageni waliovamia, na mwaka huo huo wa 1959, katika korongo la Olduvai lililo karibu, Mary Leakey alifukua fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu mwenye umri wa karibu miaka milioni mbili. Ukiuliza nani alitangulia katika nchi hiyo, jibu si jepesi hivyo.

Sasa nirudi kwenye sotoka, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Ugonjwa ule haukuondoka baada ya maafa ya 1890 na kitu. Ulikaa katika makundi ya ng'ombe, ukawa unavuka kwenda kwa nyumbu na nyati kila mwaka, ukiua ndama wao kabla hawajatimiza umri wa kuzaa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabwana mifugo walizunguka katika maboma na vijiji vilivyoizunguka Serengeti, wakawachanja ng'ombe wa wananchi. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa wanyama wa porini. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kama robo milioni. Mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Nyati nao waliongezeka sana katika miaka hiyo.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Makundi makubwa ambayo mataifa huvuka bahari kuja kuyatazama si mabaki ya enzi ya Adamu. Yana umri wa baba zetu. Yametokana na sindano aliyochomwa ng'ombe wa Mmasai, wa Msukuma na wa Mkuria, nje ya hifadhi. Mchungaji aliyekuwa akilaumiwa kwa kuharibu nyika, ndiye ambaye ng'ombe wake walishikwa pembe ili nyika ipone.

Na mambo hayakuishia kwenye idadi ya nyumbu. Mdomo milioni moja na zaidi hula majani mengi. Majani yakiliwa, moto wa kiangazi hukosa cha kuchoma. Moto ukipungua, miche ya miti hupata nafasi ya kukua. Watafiti waliolinganisha miaka ya nyuma na ya baadaye wameona kwamba miti iliongezeka katika sehemu kubwa ya Serengeti baada ya sotoka kwisha, hata uwanda ule ukawa unahifadhi hewa ya ukaa nyingi kuliko unayoitoa. Chanjo ya ng'ombe ikaotesha miti! Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote, ugonjwa wa pili kufutwa kwa juhudi za binadamu baada ya ndui. Nasikitika kwamba tangazo hilo halikupewa uzito mkubwa kwetu, nasi tulikuwa miongoni mwa walioathirika sana.

Sisi tuliokuwa tukitoka mkoa wa Mara kuja shuleni tulikuwa na bahati ambayo wenzetu wa kwingine hawakuipata. Basi la Musoma kwenda Arusha lilikata katikati ya hifadhi, na mwezi wa Januari, tukikaribia lango la Naabi, nyumbu walikuwa wameutia weusi uwanda wote pande mbili za barabara. Watalii walikuwa wakilipa dola kuona tuliyoyaona kwa nauli ya mwanafunzi, huku tumebanwa katikati ya magunia ya dagaa. Wengi tulilala usingizi.

Tanganyika ilipokaribia uhuru, wakubwa wa Ulaya walikuwa na hofu kwamba Waafrika wakishika serikali hifadhi zitakwisha. Mwezi Septemba 1961 ulifanyika mkutano mkubwa Arusha, na hapo Mwalimu Nyerere akatoa tamko lililokuja kujulikana kama Azimio la Arusha juu ya wanyamapori (msilichanganye na Azimio la Arusha la 1967). Alikubali kwa niaba ya taifa kwamba wanyama hawa ni amana, akaomba pia wataalamu na fedha kutoka kwa wale waliokuwa na wasiwasi. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kikafunguliwa chini ya Kilimanjaro, kikaanza kufundisha maofisa wanyamapori Waafrika. Serikali changa, yenye shule chache na hospitali chache kuliko hizo, iliamua kutenga nchi na fedha kwa ajili ya wanyama. Mtu akitaka kujua thamani ya hifadhi asianze na dola za utalii. Na aanze na uamuzi huo, kisha ajiulize kilichoachwa ili uamuzi huo utekelezwe.

Miaka ya 1970 ilikuwa migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Watalii waliokuwa wakivuka kutoka Masai Mara wakakoma, mapato yakaanguka, magari ya doria yakakosa mafuta na vipuri. Majangili wakaipata nafasi. Faru, waliokuwa wa kawaida machoni pa wapitao njia, wakafikia karibu kutoweka kabisa Serengeti. Waliosalia upande wa Moru walikuwa majike wawili, na kizazi hakikuanza tena mpaka dume mmoja, aliyeitwa Rajabu, alipotembea mwenyewe kutoka Ngorongoro akawafuata. Nyati wa kaskazini walipungua vibaya mno kwa mitego ya nyaya. Hali ilitengemaa baada ya Operesheni Uhai ya mwaka 1989, ambapo jeshi, polisi na askari wa wanyamapori walishirikiana, na baada ya mataifa kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu mwaka huo huo. Lakini angalieni mwanzo wa maafa yale. Ulikuwa ni ugomvi wa serikali mbili, mbali na hifadhi, usiomhusu faru hata kidogo.

Mwaka 1994 somo likarudiwa kwa namna nyingine. Simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kuanguka. Ilikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa, na ulikuwa umetoka kwa mbwa wa vijijini. Katika muda mfupi kama theluthi moja ya simba, yaani wapatao elfu moja, walikufa. Miaka michache kabla ya hapo mbwa mwitu nao walikuwa wametoweka katika uwanda ule. Tangu hapo mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Chanjo ya kichaa huokoa watoto wa wanakijiji pia, na nadhani ndiyo maana watoto wenyewe ndio huleta mbwa kwenye foleni, wamewafunga kamba shingoni.

Hoja ya barabara nayo ni ya mpaka. Mwaka 2010 ulitangazwa mpango wa kujenga barabara kuu ya kukata kaskazini mwa Serengeti, urefu wa kilomita 53 hivi ndani ya hifadhi, mahali hasa wanapopita nyumbu kwenda Mto Mara. Mashauri yalifika Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwezi Juni 2014 ilizuia barabara ya lami kujengwa hapo. Waliofurahi walikuwa wengi, mimi nikiwamo. Hata hivyo sipendi jinsi baadhi yetu tulivyosahau upesi kwamba watu wa Loliondo na wa Serengeti ya magharibi walioitaka barabara ile walikuwa na haki ya kuitaka. Mgonjwa wao husafiri saa zile zile kwa vumbi lile lile. Njia ya kusini, inayoizunguka hifadhi, ilitajwa mara nyingi wakati wa mjadala ule. Ikijengwa vizuri itawafaa watu wengi zaidi.

Nafika mahali pagumu. Wakati Ngorongoro inatengwa mwaka 1959, wakazi walikuwa kama elfu nane. Sasa wamehesabiwa kuwa zaidi ya elfu 90. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia baadhi yao Msomera, wilayani Handeni, na mwaka huo huo kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zikawekewa alama za mipaka kuwa pori la akiba, kukatokea ghasia. Mimi ni mtumishi wa umma na si desturi yangu kuhukumu jarida likiwa ndilo baraza. Idadi ya watu na mifugo katika bonde na nyanda zile ni tatizo la kweli, asiyeliona hajafika. Lakini kama msomaji wa kumbukumbu nina wajibu wa kusema kilichomo. Wazee wale kumi na wawili waliondoka Serengeti kwa makubaliano, na Gavana Richard Turnbull, akilihutubia Baraza la Wamasai mwaka 1959, aliahidi kwamba katika Ngorongoro, masilahi ya wakazi na ya wanyama yakigongana, ya wakazi yatatangulizwa. Aliyetoa ahadi alikuwa mkoloni, nasi tulirithi hati zake pamoja na majengo yake. Anayechora mstari mwingine leo hana budi kuisoma ahadi hiyo kwanza, na kukaa chini na wajukuu wa walioipokea, na kuandika kwa lugha wanayoielewa kile anachowapa badala yake. Bila hivyo askari wa hifadhi atakuwa na jirani adui. Jirani adui hamleti mbwa wake kuchanjwa, wala hatoi habari za jangili.

Mahali pengine jambo hili limejaribiwa kwa unyofu zaidi. Kule Ikona, magharibi ya hifadhi, vijiji vitano vilitenga ardhi yao kuwa eneo la jumuiya la wanyamapori na hupata mgawo wa mapato ya kambi za wageni. Mgawo huo una matatizo yake, na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipopunguza wageni wa nchi nzima kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi kama 620,000, vijiji vya namna hiyo viliona jinsi fedha ya mgeni isivyo ya kutegemewa peke yake. Lakini nyumbu wanapita Ikona, na wenyeji wana sababu ya kuwaacha wapite.

Umebaki Mto Mara. Kiangazi kikikaza ndio mto pekee mkubwa usiokauka katika mzunguko wa nyumbu. Unaanzia milima ya Mau nchini Kenya, unapita kwenye mashamba na malisho, ndipo unaingia Masai Mara na Serengeti, kisha vinamasi vya Mara na Ziwa Nyanza, si mbali na Musoma. Misitu ya Mau imekatwa sana katika miongo iliyopita. Hakuna askari wa Serengeti anayeweza kuilinda, kwa kuwa iko katika nchi nyingine. Kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara, na mazungumzo ya wataalamu wa maji wa pande mbili yanaendelea taratibu, kwa mwendo ule wa serikali ambao sisi tuliomo tunaufahamu.

Nasikia wazee wa shule wamekubali kuchangia safari ya Klabu ya Malihai mwakani, na kwamba watakwenda Seronera. Ningeomba siku mbili ziongezwe. Moja watumie katika kijiji chochote cha kando ya hifadhi, wamtafute bwana mifugo, wamwulize ng'ombe wangapi wamechanjwa, mbwa wangapi, na tembo waliingia shambani mara ngapi msimu uliopita. Ya pili waende Mto Mara, wapime kina cha maji, waandike tarehe, na klabu ya mwaka unaofuata ipime tena mahali pale pale. Nakala ya ramani ya mgawanyo wa 1959 ninayo. Mwalimu mlezi akiihitaji aniandikie kupitia kwa mhariri, nami nitaituma.